Mlimkana Rodman, je, ninyi wenyewe? Barua ya wazi kwa wakubwa wa NBA

Kwa: Bw. Adam Silver, Kamishna wa NBA (ligi ya kikapu ya Marekani)
Bi. Clare Akamanzi, Mtendaji Mkuu wa NBA Africa
Bw. Amadou Gallo Fall, Rais wa BAL (ligi ya vilabu vya kikapu Afrika)

YAH: RODMAN, PYONGYANG NA JEZI ZA DYNAMO

Ndugu viongozi,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mpenzi wa kikapu wa hapa Dar es Salaam, sina cheo wala kadi ya uandishi wa habari. Nawaandikia kwa sababu kila jina la Dennis Rodman, nyota wa zamani wa Chicago Bulls, likitajwa kijiweni watu hucheka, wakishacheka wanahamia kwenye habari nyingine. Naona kesi ile ya safari zake za Korea Kaskazini haikuisha. Hata kwenu haikuisha, mlifunga faili tu.

Kwa waliokuwa wadogo wakati ule, nirudie kidogo. Tarehe 12 Februari 2013 Korea Kaskazini ilifanya jaribio lake la tatu la bomu la nyuklia. Wiki mbili baadaye Rodman akatua Pyongyang na wachezaji watatu wa Harlem Globetrotters, timu ya maonyesho ya kikapu, pamoja na wapiga picha wa Vice, kampuni ya habari. Tarehe 28 ikapigwa mechi, Wamarekani wakachanganywa na wenyeji pande zote mbili, ikaisha 110 kwa 110. Sare! Aliyewahi kushika mpira hata pale Don Bosco, Upanga, anajua kikapu hakina sare, mnaongezewa dakika tano mpaka mmoja alale. Ila jukwaani alikaa Kim Jong-un, mtawala wa nchi, aliyeshabikia Chicago Bulls tangu akisoma shule Uswisi, na kando yake Rodman na miwani yake myeusi. Katika nchi ile, mbele ya mtu yule, sare lilikuwa jambo la busara sana. Baada ya mechi Rodman akamwambia mbele ya umati kwamba amepata rafiki wa maisha.

Hapo ndipo ngoma ilipoanza. Akarudi Marekani akahojiwa kwenye televisheni, akasema Obama ampigie Kim simu, kwani wote wawili wanapenda kikapu. Watu wakavunjika mbavu. Septemba akaenda tena, safari hii akatoka na habari ambayo hata majasusi hawakuwa nayo kwa uhakika, kwamba Kim ana binti aitwaye Ju Ae. Desemba akaenda mara ya tatu kufundisha timu yao, siku chache tu baada ya Kim kumuua mume wa shangazi yake, Jang Song-thaek. Paddy Power, kampuni ya kamari ya Ireland iliyokuwa mdhamini, ikaona aibu ikaondoa jina lake. Naomba mlikumbuke hilo: kampuni ya kamari iliona aibu.

Januari 2014 ndiyo ilikuwa kilele. Rodman alikwenda na kundi la wastaafu wenu: Kenny Anderson, Vin Baker, Cliff Robinson, Doug Christie, Charles Smith. Mechi ikapangwa tarehe 8, siku ya kuzaliwa ya Kim. Mbele ya watu wapatao 14,000 Rodman akasimama katikati ya uwanja akamwimbia dikteta wimbo wa hepi bethidei, kisha akainama kuelekea jukwaa kuu. Ukiangalia ile video, usimwangalie yeye. Angalia watu majukwaani. Wanapiga makofi kwa mpigo mmoja, wengine wanatazamana kama wanaouliza, hivi hii nayo imo kwenye ratiba?

Siku moja kabla ya hapo alihojiwa na CNN, wenzake wamekaa kando yake. Akaulizwa kuhusu Kenneth Bae, Mmarekani mwenye asili ya Korea aliyekamatwa mwishoni mwa 2012 na kufungwa miaka 15 na kazi ngumu. Badala ya kumwombea, Rodman akafoka, akaongea kana kwamba Bae alistahili kifungo chake. Smith akajaribu kumtuliza asiweze. Baada ya siku mbili akaomba radhi, akasema alikuwa amelewa, na aliporudi nyumbani akajiandikisha kwenye kituo cha kutibu ulevi.

Sasa tuje kwenye lawama zilizomwangukia. Seneta John McCain alimwita mpumbavu. Mbunge Eliot Engel akasema ni sawa na kumwalika Hitler chakula cha mchana. Familia ya Bae ililalamika kwa uchungu, na walikuwa na haki kuliko wote. Lakini sehemu kubwa ya kelele ilihusu nini? Hereni za puani, nywele za rangi, magauni aliyowahi kuvaa, pombe. Wachekeshaji wa televisheni za usiku walikula mshahara kwa jina la Rodman miezi mizima. Wakati huohuo tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na jaji Michael Kirby wa Australia ilikuwa inamalizia ripoti yake, na ilipotoka Februari 2014 ilisema watu kati ya 80,000 na 120,000 wanashikiliwa kwenye kambi za wafungwa wa kisiasa nchini humo. Jiulizeni ni wangapi waliomcheka Rodman waliowahi kusikia idadi hiyo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa Rodman, aliyepona alikuwa mwenyeji mmoja tu, na sisi watazamaji tukabaki kuangalia nguo za mgeni.

Na ninyi je? Kamishna wa wakati huo, hayati David Stern, alitoa tamko kwamba NBA haihusiki na safari hiyo, na kwamba isingeshiriki wala kuunga mkono jambo la namna hiyo bila idhini ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Bw. Silver, wewe ulikuwa naibu wake, zikiwa zimebaki wiki tatu na ushei ukalie kiti. Watu wengi walilisifu tamko lile. Mimi nimelisoma mara nyingi na kila mara nakwama palepale kwenye idhini ya Wizara. Maana yake, kama Wizara ingesema nendeni, mngekwenda kuimba?

Msidhani nachezea maneno. Sisi wa Afrika Mashariki tulishaona idhini ya Wizara hiyo inavyofanya kazi. Februari 1980 Rais Jimmy Carter alimtuma Muhammad Ali, ambaye wakati ule alikuwa ametangaza kustaafu, azunguke Afrika kutushawishi tusiende Olimpiki ya Moscow kwa sababu Wasovieti walikuwa wameivamia Afghanistan. Alipewa ndege ya serikali na maofisa wa kumsindikiza. Kituo cha kwanza kilikuwa hapahapa Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere akakataa kumwona, akaona ni dharau kutumiwa mwanamasumbwi kwenye jambo la dola kwa dola. Waandishi nao wakamuuliza Ali swali dogo tu: mwaka 1976 nchi za Afrika ziligomea Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand ilipeleka timu ya raga Afrika Kusini ya makaburu, mbona Marekani haikutuunga mkono? Ali akababaika. Kumbe waliomtuma hawakumweleza kitu. Kwa heshima yake, alikiri waziwazi. Sisi mgomo ule wa Montreal tunaujua kwa jina la Filbert Bayi, aliyekosa kumkabili John Walker wa New Zealand kwenye mita 1,500, mbio ambazo dunia nzima ilikuwa inazisubiri. Moscow tulikwenda. Bayi akaleta fedha ya kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui fedha ya mita 5,000. Idhini ya Wizara Ali alikuwa nayo, tena na ndege juu, na safari ikawa bure. Kenya ndiyo iliyogoma, nayo Moi hakuhitaji kushawishiwa na bondia.

Miaka kumi baadaye, Novemba 1990, Ali yuleyule akiwa mgonjwa wa Parkinson alikwenda Baghdad kumwona Saddam Hussein. Safari hii Washington haikumtuma, na serikali ya Bush haikuifurahia safari hiyo hata kidogo. Magazeti yalimsema, kwamba anamstarehesha dikteta, kwamba ataonekana kwenye picha akimkumbatia, na ni kweli picha zilipigwa. Lakini Ali alikwenda na ombi moja: Wamarekani walioshikwa mateka wakati Iraq ilipovamia Kuwait. Akasubiri siku kadhaa hotelini mpaka dawa zake zikamwishia. Akarudi na watu 15.

Nawaomba muziweke safari hizi mbili mezani, ya Baghdad na ya Pyongyang, mzitazame pamoja. Mwanamichezo mstaafu, dikteta, kamera, makelele nyumbani, hakuna idhini; vyote vinafanana. Kilichotofautiana ni kwamba mmoja alijua amekwenda kumwombea nani, mwingine alipoulizwa kuhusu Bae Septemba 2013 alijibu kwamba hiyo si kazi yake, muulizeni Obama. Haki itendeke pia kwa Rodman: mwezi Mei kabla ya hapo alikuwa ameandika mtandaoni kumsihi Kim amwachie Bae, na Bae mwenyewe baada ya kutoka Novemba 2014 alimshukuru, akisema ile fujo ya kwenye CNN ndiyo iliyofanya dunia ilijue jina lake. Dunia ina vituko. Ila mfungwa kusaidiwa na ulevi wa mtu si sera, na hakuna mzazi ambaye angependa mtoto wake aokolewe kwa bahati ya namna hiyo. Familia ya Otto Warmbier, mwanafunzi wa Kimarekani aliyefungwa Korea Kaskazini, haikuipata. Siku ambayo Rodman alitua tena Pyongyang, 13 Juni 2017, akiwa na fulana ya mdhamini mpya, sarafu ya kidijitali ya wafanyabiashara wa bangi, ndiyo siku kijana yule wa miaka 22 aliporudishwa kwao akiwa hajitambui. Alifariki siku sita baadaye. Wizara ilisema Rodman hakuchangia chochote kuachiwa kwake. Rodman alikuwa amepeleka zawadi.

Hapa ndipo ninapotaka tufike, na hapa ndipo najua mtakunja uso.

NBA mnaendesha BAL tangu Mei 2021, na mashindano ya kwanza yalifanyika Kigali. Nimeyafurahia, nisiwe mnafiki. Nimeona vijana wa Afrika wanacheza kwenye ukumbi wa watu elfu kumi unaong'aa kama wa kwenu. Kifuani mwa jezi mmeandika Visit Rwanda, tangazo la Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, bodi ambayo dada yetu Bi. Akamanzi uliiongoza kabla ya kuhamia NBA Africa Januari 2024. Machi mwaka huohuo klabu ya Dynamo ya Burundi ilikwenda Pretoria, Afrika Kusini, kucheza BAL kwa mara ya kwanza katika historia yake. Serikali ya Burundi ilikuwa imefunga mpaka na Rwanda miezi miwili tu kabla. Mechi ya kwanza vijana wakacheza na Cape Town Tigers maneno yakiwa yamefunikwa kwa tepu, wakashinda. Mkawaambia sheria ni sheria, jezi ivaliwe kama ilivyo. Wakagoma. FUS Rabat na Petro de Luanda wakapewa ushindi wa mezani, Dynamo wakaondolewa mashindanoni.

Najua, amri ya kugoma ilitoka kwa wakubwa wao nyumbani, na serikali ya Burundi nayo siyo ya kutolea mfano kwa haki za watu. Lakini wachezaji walifanya kosa gani? Walifanya mazoezi mwaka mzima, wakafuzu, wakashinda uwanjani, wakarudishwa nyumbani kwa sababu ya maneno mawili ya tangazo. Rodman alimtangaza mtawala kwa hiari yake, mkamkana. Wale waligoma kuitangaza serikali ya nchi jirani, mkawafukuza. Nyani haoni kundule.

Sisemi Kigali ni Pyongyang. Aliyefika Kigali anajua, na mtu akiniambia nchi hizo mbili ni sawa nitambishia. Ila Rais Kagame alitangazwa mshindi kwa asilimia 99.18 Julai 2024, na mwezi huohuo wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 walikuwa ndani ya Kongo wakisaidiana na waasi wa M23, jambo ambalo Rwanda inalikanusha. Maseneta wawili wa kwenu, Marsha Blackburn wa Republican na Jeff Merkley wa Democrat, watu wasiokubaliana karibu kwenye kila kitu, wakamwandikia Bw. Silver kuuliza kuhusu uhusiano wenu na Kigali. Jibu lenu lilikuwa kwamba mnafuata sera ya Marekani, na sera hiyo ikibadilika nanyi mtabadilika.

Unaona, ni tamko lilelile la 2014. Miaka kumi imepita, kamishna mpya, bara jingine, na dhamiri ya ligi bado inatunzwa kwenye ofisi ya watu wengine. Tena hata hiyo ofisi mnaisikiliza nusunusu. Goma, mashariki mwa Kongo, ilipoanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na baada yake Bukavu, Marekani ilimwekea vikwazo waziri wa Rwanda James Kabarebe tarehe 20 Februari. Mei mlikuwa Kigali, mpira umerushwa juu. Goma ni mji wa Waswahili, mabwana. Watu wake wanaisoma barua hii bila mkalimani, na kikapu wanakipenda kama sisi. Jezi ile wanaitazama kwa macho gani, mimi siwezi kuwasemea, ningependa mngewauliza.

Mtaniambia michezo hujenga madaraja, na mtanikumbusha wacheza pingpong wa Marekani waliokwenda China Aprili 1971. Sawa. Nyuma ya wale vijana walikuwapo Waziri Mkuu wa China Zhou Enlai na Kissinger, mshauri wa Rais Nixon, kila mmoja akijua anataka nini. Nyuma ya Rodman hakukuwa na mtu. Nyuma yenu kuna mkataba. Na China hiyohiyo, Oktoba 2019, meneja wa Houston Rockets Daryl Morey alipoweka mtandaoni ujumbe mfupi tu kuunga mkono waandamanaji wa Hong Kong, televisheni ya taifa ikazima mechi zenu na Bw. Silver ukasema hasara ilifika mamia ya mamilioni ya dola. Ulisema ligi haitamwadhibu Morey, na hilo nakupongeza. Mlirudi kucheza Macau, eneo la China, Oktoba 2025. Sikusikia mtu akihojiwa kwa ukali na CNN kuhusu safari hiyo.

Na msije mkadhani nayasema haya kwa kuwa kwetu ni peponi. Ningekuwa nayo nafasi ya kuchagua, ningependa mgeni yeyote maarufu anayekuja kupiga picha na wakubwa wetu aulizwe maswali hayahayo.

Ninachoomba si mambo makubwa. Andikeni kanuni yenu wenyewe, ya kikapu, isiyosubiri simu kutoka Washington. Mstaafu anayetaka kwenda kucheza mbele ya mtawala asiyepigiwa kura za kweli aseme hadharani nani anamlipa, kabla ndege haijaondoka. Asizuiwe, Ali angezuiwa, wale 15 wangebaki. Ila akae kwanza na watu waliotoroka nchi hiyo na ndugu wa walio ndani, asikilize, apewe majina, ayataje huko mbele ya kamera ileile itakayompiga picha na mwenyeji wake. Desemba 2013 Shin Dong-hyuk, mtoro wa kambi za huko, alimwandikia Rodman barua kwenye gazeti la Washington Post akimwomba azungumzie wanaoteseka. Baadaye Shin alikiri kwamba sehemu za simulizi yake ya maisha hazikuwa sahihi, na hilo lilimharibia sana. Lakini ombi lenyewe lilikuwa la maana, na ripoti ya Kirby haikusimama kwa ushahidi wake peke yake. Chama chenu cha wachezaji wastaafu kingeweza kulishughulikia kwa mwaliko mmoja na chumba chenye viti kumi.

Kanuni hiyo iwafunge na ninyi. Mkataba wowote na chombo cha serikali uwekwe wazi: kiasi gani, miaka mingapi, na mmeahidi kunyamaza kuhusu nini. Kama hamkuahidi kunyamaza, basi mechi za BAL zikirudi Kigali Bw. Fall asimame pale aitaje Goma kwa jina lake. Neno moja tu, pungufu ya yale mawili ya kwenye jezi.

Na mfute sharti la kulazimisha klabu ivae tangazo la serikali ya nchi nyingine. Timu inayotaka ivae, isiyotaka iweke nembo ya ligi na icheze. Dynamo wakifuzu tena, watoke mashindanoni kwa kufungwa pointi.

Nasubiri majibu yenu, kwa Kiswahili au kwa lugha yoyote mtakayopenda.

Wasalaam,
Mpenzi wa kikapu,
Dar es Salaam